Mchele Wangu Uliishia Magotini

Haya, mmenizungusha wiki nzima. Prisca kisimani, mama Rozi mlangoni mwa kanisa, hata shemeji yangu kaacha pombe yake kilabuni kaja kuniuliza, "Bibi Emere, huko Kidatu walikufanya nini?" Nimechoka kurudia. Nimemwambia katekista aandike kama ninavyosema, asinitengenezee maneno, halafu awasomee wote kwa mpigo. Habari za vyeti na foleni za hospitali sizisemi, hazina utamu. Nasema njia, kutoka hapa kijijini kwetu Mbingu mpaka Kidatu na kurudi.

Mbingu, mlangoni kwangu

Magoti yangu mnayajua. Hospitali walisema yamesagika. Daktari kashika ile picha juu, kaitazama, kasema kwa sauti yake ya puani, "Bibi, haya yamefanya kazi kuliko trekta." Akanipa vidonge. Vidonge vikaisha, magoti yakabaki pale pale.

Mwaka jana mliniona nikivuna. Nilikaa chini, kisu mkononi, najisogeza kwa makalio kama mtoto ambaye hajaanza kutambaa. Mlicheka na mimi nikacheka. Lakini nilivuna.

Mwanangu Deo hakucheka. Mvua ya kwanza ilipopiga mwaka huu, mimi natafuta jembe langu nyuma ya mlango, akaja akasimama na ile sauti ya mwenyekiti wa kitongoji, wakati uenyekiti wenyewe aliukosa: "Mama, mwaka huu huendi shambani. Nimeshaongea na Masanja, atalichukua alishie ng'ombe."

Masanja ni yule Msukuma aliyehamia huku chini bondeni na ng'ombe zake, mrefu kama nguzo ya umeme. Lile shamba nililifyeka na baba yake Deo, wawili tu, tunakula mihogo mibichi. Mpaka leo mchele wake ukipikwa, jirani anakuja kuomba chumvi na chumvi anayo. Leo likanyagwe na kwato?

Nikamwambia, "Nipe mpaka siku ya kupanda."

"Utapandaje, mama? Hata kanisani hupigi magoti. Wenzako wako chini, wewe umekaa kama askofu."

"Nikipiga magoti mbele yako?"

Akacheka. "Ukipiga magoti mwenyewe bila kushika mtu, ukainuka mwenyewe bila kushika mtu, nitamwambia Masanja basi."

Akaenda zake. Alidhani kamaliza maneno.

Sasa Prisca, wewe ndiye uliyenipa habari, usijifiche. Uliniambia Kidatu kuna mwanamke wa Kihindi, mume wake fundi wa mitambo, anakanda watu kwa dawa za kwao. Dawa zinafungwa kwenye kitambaa, kinapashwa moto, unakandwa nacho. Ukasema, "Kaka yangu alikuwa hanyanyui mkono, sasa ananipungia mpaka ananichosha." Nikasema naenda.

Kwa mtu wa kukutibu huendi mikono mitupu. Nikafunga kiroba cha mchele wangu, ule niliouvuna kwa makalio. Sikuupeleka mashineni. Niliutwanga mwenyewe kwenye kinu nimekaa kwenye kigoda, mwekundu bado una ngozi yake. Nikasema akila huu, atanikanda kama mama yake mzazi.

Mbingu mpaka Ifakara

Kosta ilikuja imejaa magunia mpaka juu. Nikapewa kiti cha dirishani. Nainua macho, nani kakaa mbele yangu, magoti yake yamefika kidevuni? Masanja.

"Wangaluka, mayu," akanisalimia kwa kwao, na mayu kwao ndiyo mama. Akajaribu kwa kwetu. "Shikamoo, mayu."

Nikajifanya naangalia mashamba. Dirisha lenyewe lilikuwa limepakwa tope, sikuona hata mti.

Tulikwenda vizuri mpaka pale pabaya penyewe, mnapajua, maji yamelala barabarani na chini ni udongo mweusi. Gari ikazama. Konda akapiga kofi bati: "Wazee wangu, tunashuka wote, tunaipunguzia mzigo, tunatembea mpaka kwenye kokoto kule." Na kule ni kama kutoka kanisani mpaka mashineni. Watu wakavua viatu, wakina mama wakapandisha kanga, wakaingia topeni wanacheka. Mimi nikakaa.

"Bimkubwa, na wewe."

"Mimi uzito wangu ni kiroba tu."

"Bimkubwa, gari ikilala hapa, na wewe unalala nayo. Na chura wa hapa wana midomo."

Nilikuwa sijajibu, nikamwona Masanja karudi kwenye mlango wa gari. Akachuchumaa topeni, kanipa mgongo.

"Mayu, panda."

"Sipandi."

"Mayu, ng'ombe akizama mimi simuulizi kama anapenda. Panda."

Nikapanda. Mimi mjane wa miaka yote hii, nimekumbatia shingo ya mwanaume mchana, kiroba kichwani, na watu wamesimama kwenye kokoto wanapiga picha na simu. Katikati ya tope mguu wake ukateleza. Hakuniangusha, ila nilisikia mgongo wake ukilia ko, kama kuni kavu. Akasimama kidogo, akaendelea. Aliponishusha kwenye kokoto, hakunyooka.

"Mgongo?" nikamuuliza.

"Hapana, mayu. Naangalia kama nimeangusha kitu."

"Unanijua mimi nani?"

"Mama yake Deo."

"Na shamba unajua ni la nani?"

Akatazama chini pale pale alipokuwa anatazama. "Najua, mayu."

Nilipigwa na butwaa. Mtu anayelitaka shamba langu ndiye kanivusha, na abiria wengine wote watu wa kwetu, wa ubatizo mmoja, wamenipiga picha. Asante sikuitoa. Ilinikwama hapa kooni, na mpaka Ifakara ilikuwa bado imekwama.

Ifakara, na Kivukoni nisikokwenda

Stendi ya Ifakara mimi siiwezi. Magari yameandikwa, na mimi maandishi nayaona kama njia za siafu. Nikamfuata mpiga debe mmoja, mtu mzima, kipara kinang'aa.

"Bibi, wapi?"

"Kwa Mhindi."

Akatazama kiroba changu. Akanusa. "Aaa, kwa Mhindi. Wote wanakwenda huko. Panda hii." Nikafurahi kweli. Nikasema Prisca kasema kweli, huyu mwanamke anajulikana mpaka stendi.

Gari haikwenda sana. Ninaona maji, ninaona mitumbwi, ninaona wanawake wanageuza samaki juu ya moto. Nikamgusa dereva. "Baba, hii si Kivukoni?"

"Ndiyo, bibi. Shuka, Mhindi wako huyo hapo."

"Na Kidatu?"

"Kidatu umeipa mgongo, bibi."

Nilishuka nimekumbatia kiroba. Mara ya mwisho nilivuka pale kwa pantoni, Deo akiwa tumboni, tulingoja tangu asubuhi mpaka jua likakaa kichwani. Sasa pantoni hakuna, daraja limelala juu ya mto na magari yanapita bila hata kupunguza mwendo. Nilisimama nikatazama mpaka shingo ikauma. Mto mzima ule, watu wanaupita wanaongea na simu.

Huyo Mhindi alikuwa mzee, miwani puani, nywele zimejaa pumba. Kakaa mlangoni mwa mashine ya kukoboa. Mimi nikasema moyoni, labda ndiye mume, labda ndiye anayekanda, dunia imebadilika. Nikaongea naye kama nilivyosikia Wahindi wakiongea: "Mimi iko mgonjwa, baba. Mimi iko toka mbali."

Alifungua kiroba, akachukua punje, akatafuna. Macho yakamtoka. "Bibi, huu umetwangwa kwa kinu. Mchele kama huu sijauona tangu mama yangu alipokuwa hai. Unaniuzia wote?"

Kuuza? Nikaona mzee hajanielewa. Nikakaa kwenye gunia, nikapandisha kanga mpaka juu ya magoti, nikamwambia, "Nimekuja unikande."

Yule baba alirudi nyuma mpaka akakalia mizani. Wapakiaji wake wakalala juu ya magunia kwa kicheko. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema taratibu, "Bibi, mimi nakoboa mpunga. Mtu sijawahi kumkoboa. Halafu mbona unaniongelea hivyo? Mimi nimezaliwa hapa Ifakara, babu yangu kafia hapa. Ongea tu Kiswahili."

Niliishusha kanga yangu. Aibu niliyoiona pale, hata mngenipa kinu kizima niingie, ningeingia.

Kumbe yule mpiga debe kaona kiroba cha mchele kakisia nakwenda kuuza. Kosa langu. Nilificha safari yangu nisije nikachekwa, na nilichekwa pale kuliko ningesema ukweli. Mzee wa watu akaniagizia ugali na perege wa kukaanga, kavuliwa siku ile ile, mgongo wake unapasuka mafuta. Akaniuliza mara tatu kama hata kibaba kimoja simuuzii. Nikamwambia, "Huu wa kupeleka kwa mtu." Akatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa. Gari lake la mizigo lilikuwa linakwenda Kiberege kuchukua mpunga, akaniweka mbele kwa dereva.

Kiberege

Hapo tulifika gari likaanza kupakia, gunia moja, maneno kumi. Dereva akaniambia Kidatu leo sahau, nitapata gari asubuhi. Nikakaa kwa mama lishe mmoja pale sokoni, mwanamke mnene, sauti kama tarumbeta. Akanipa wali na maharage. Nikaonja. Wali hauna harufu, hauna ladha, umekaa tu kwenye sahani kama mgeni asiyeongea.

"Bibi hauli?"

"Nakula, mwanangu. Ninautafuta."

Akacheka, akasogea, pua yake ikaingia kwenye kiroba. "Heee. Bibi, nipe huu nikupe kuku. Mzima. Anataga."

Nilimtazama yule kuku. Kuku na yeye akanitazama. Nawaambia ukweli, niliyumba. Lakini nikakikumbatia kiroba, nikakilalia usiku nyumbani kwake, na asubuhi akanisindikiza mpaka kwenye gari bado ananung'unika, "Bibi mgumu huyu, bibi mgumu."

Kidatu, siku ya kwanza

Nilitegemea kukuta hospitali. Ni nyumba ya kawaida, nje kuna mchaichai, ndani harufu ya mafuta. Akanipokea Tekla, Mpogoro mwenzetu, ndiye anayesaidiana na huyo mama. Kisha akatoka mwenyewe. Anaitwa Sheela. Kumbe binti, hajafikia hata umri wa kitinda mimba wangu. Nikasubiri shikamoo. Binti akanifuata, akainama mpaka chini, akanishika miguu.

Niliruka. Kwa magoti haya, niliruka. Nikajua kaona nyoka.

"Bibi, ndiyo salamu yao," Tekla akaniambia. "Mkubwa anashikwa miguu."

Sisi shikamoo tunaitupa kwa mdomo, tunapita. Huyu kaishika kweli, kwa vidole, na miguu ina tope la Kiberege. Nikasema marahaba, nikampa kiroba.

Akakipokea kwa mikono miwili. Akanusa, akafumba macho. Akaongea na Tekla haraka haraka.

"Anasema nini?"

"Anasema ndio huu," Tekla akajibu.

"Ndio nini?"

"Ndio huu, bibi. Njoo ndani uvue."

Nivue. Mbele ya watoto. Mmesikia sawasawa. Nilipewa kitambaa cha kujifunga, nikapandishwa kwenye meza ya mbao, ndefu, kama ile ya kuoshea maiti. Nikasema Emere, umejileta mwenyewe.

Chumba cha pili nasikia kitu kinakaangwa. Nachungulia: Sheela anakatakata majani, anakuna nazi, anatia ndimu na manjano, mafuta ya ufuta yanalia kikaangoni. Nilifurahi, njaa ilikuwa inaniuma. Nikamwambia Tekla, "Wenzetu wana heshima, wanamlisha mgonjwa kwanza." Mboga ile ikatiwa kwenye vitambaa, ikafungwa kwa kamba, ukubwa wa ngumi, ina kishikio juu. Ikachovywa kwenye mafuta ya moto. Sheela akaijaribu nyuma ya mkono wake, kisha akaiweka gotini kwangu.

"Moto, bibi?"

"Wa Jehanamu."

Akainyanyua, akasubiri, akaishusha tena. Sasa ikawa joto la kuingia. Yeye kushoto, Tekla kulia, paa, paa, wanapokezana, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja, mchi hausubiri mchi. Kikipoa hiki, kinachukuliwa kingine. Nililala nikaanza kusikia joto linatembea ndani ya mfupa, mahali ambapo mimi nilishasahau kama pana mtu.

Mpaka jani moja likachomoza kwenye kitambaa. Nikalivuta. Nikalinusa.

"Tekla. Hili si mnyonyo?"

"Ndiyo, bibi."

"Mnyonyo huu huu, uliopo nyuma ya choo changu?"

"Na mkwaju, na mlonge."

Nilikaa kwenye ile meza. "Siku mbili njiani. Nimebebwa na Msukuma. Nimemfunulia magoti mwenye mashine. Kwa majani ya chooni kwangu?"

Sheela alielewa, sijui kaelewaje. Akanitazama hana hasira, akasema kwa Kiswahili chake, "Bibi, jani iko kwako. Mkono iko?"

Nikalala tena.

Siku ya tano

Tiba ni ya siku saba, nne za kwanza ni majani. Nikalala pale kwao kwenye chumba cha nyuma, nakula dengu mpaka tumbo likajifunza Kihindi. Magoti asubuhi yalikuwa hayapigi kelele kama zamani, lakini kupiga magoti sikujaribu. Niliogopa. Nikijaribu nikashindwa, nitarudi na nini kwa Deo?

Siku ya tano niliamshwa na harufu. Mchele wangu. Unapikwa kwenye maziwa. Jamani, siku nne za dengu, halafu harufu ile. Nilinawa mikono, nikajifunga kanga yangu nzuri, nikakaa mezani.

Tekla akapita. "Bibi, mbona umenawa?"

"Si tunakula?"

Hakucheka yule. Akanipeleka kwenye meza ya maiti.

Wakaleta sufuria. Wali wangu, umeiva, umelainika, umetiwa na maji ya mizizi fulani waliyochemsha. Wakauchota, wakaufunga kwenye vitambaa kama yale majani. Wakavichovya kwenye maziwa ya moto. Wakanipaka magotini.

Mnajua mimi midomo yangu hailali. Siku ile ililala. Wanasugua, uji mweupe unatoka kwenye kitambaa, mguu wangu umekuwa kama ukuta unaopigwa chokaa. Mchele aliolilia yule mwenye mashine. Mchele niliokataa kuku mzima kwa ajili yake. Sisi punje ikianguka tunaiokota, mtoto akikanyaga wali anachapwa. Sasa uko miguuni kwangu, mwingine umeanguka sakafuni, na Tekla anaukanyaga.

Nikasema, "Simameni."

Wakasimama. Nikachota kidogo kwenye paja, nikala. Sheela akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Hauna chumvi," nikamwambia.

Hapo ndipo tukaelewana. Tekla akakaa pembeni yangu, akanieleza kama anavyomweleza mtoto. Kwao Sheela kukanda kwa wali ni tiba kubwa, na mchele wake ni wa aina yake, mwekundu, wa mashamba ya zamani. Huku kajaribu wa dukani mara nyingi, unakuwa maji au unakuwa mawe, haushiki joto. "Siku ulipompa kiroba alijua umekuja na dawa yako, bibi. Ndiyo maana alisema ndio huu. Ameutunza hakupika hata punje."

Mimi nimempa chakula, yeye kapokea dawa. Na dawa yenyewe inatoka wapi? Kwenye shamba ambalo Deo kalitoa kwa ng'ombe.

Nikajilaza. Nikawaambia, "Pakeni."

Siku mbili zilizobaki sikulala tu. Nilimwambia Sheela anipe kile kitambaa mkononi. Akanifundisha begani kwa Tekla: namna ya kufunga, namna ya kupima moto nyuma ya mkono, usikae mahali pamoja, usikimbie. Nikikosea ananipiga kidole. Ananiita bibi huku ananipiga kidole.

Siku ya kuondoka nikamuuliza kweli kweli, nimepona? Akashika goti langu, akalikunja, akalinyoosha. "Goti mpya, mimi hapana. Goti hasira, imepungua."

Nikajaribu pale pale kupiga magoti, nimeshika meza. Nilifika nusu. Hofu ikanidaka, Tekla akanidaka. Hivyo ndivyo nilivyoondoka Kidatu, nusu.

Kurudi

Jua lilikuwa limewaka siku zote hizo, barabara ikakauka. Kidatu, Kiberege, Ifakara, Mbingu, siku moja. Mama lishe nilimpungia dirishani, akaninyooshea yule kuku.

Konda wa kosta alikuwa yule yule. "Bimkubwa, leo hakuna wa kukubeba. Msukuma wako tangu siku ile kalala. Mgongo. Ng'ombe wanachungwa na mke."

Ile asante iliyonikwama kooni ikageuka mwiba.

Mbingu tena

Deo alikuja jioni ile ile, kasimama mlangoni. "Haya mama, piga magoti."

"Nimechoka na safari. Kesho."

"Kesho nakutana na Masanja tumalize."

Asubuhi nikatuma mtu kwa Masanja: aje, na maziwa. Alikuja kapinda kama mundu, kaegemea fimbo yake, mkononi kibuyu. Nikamwambia lala hapo kwenye mkeka, kifudifudi, vua shati. Akalala, kwa kuwa hata kukataa kunataka mgongo. Nikachota kidogo kwenye mchele uliobaki chunguni, nikautia kwenye yale maziwa, nikaupika. Nikararua kanga ya zamani, nikafunga vifurushi viwili. Alipogeuza shingo akaona, macho yalimtoka kama yalivyonitoka mimi.

"Mayu, hayo ni maziwa yangu."

"Na huu ni mchele wangu. Nyamaza."

"Mayu, sisi maziwa hatuchezei."

"Na sisi wali hatuchezei. Tumetoka sare."

Nikapima nyuma ya mkono. Nikamwekea kiunoni. Akashika ukingo wa mkeka. Nikaenda taratibu, juu, chini, pembeni ya uti, kikipoa hiki nachukua kingine. Nikasema, "Siku ile pale kwenye tope sikukuambia asante. Asante." Akaguna.

Nikanyanyua kifurushi, kile cha moto zaidi, nikakiweka hewani juu ya mgongo wake. "Masanja, unajua mchele huu umetoka wapi?"

"Sijui, mayu."

"Kwenye shamba alilokupa Deo. Hakuna mwingine. Mashineni hamna, dukani hamna. Ng'ombe wako wakiingia, huu ndio wa mwisho."

Maziwa yanadondoka, to, to.

"Mayu," akasema, mdomo umebanwa na mkeka, "ng'ombe wana miguu. Watatafuta pengine. Lakini usiache hapo. Hapo, hapo pembeni."

Nikaendelea hapo pembeni. Mara nikaona mwanga umepungua. Deo kasimama mlangoni, katoa macho.

"Nini?" nikamuuliza. "Hujawahi kuona wali?"

"Mama," akasema. Ile sauti ya mwenyekiti haikuwepo. "Umepiga magoti."

Nikatazama chini. Magoti yote mawili, kwenye mkeka, na mimi juu yake. Kwa Sheela kuna meza, kwangu hakuna, mgonjwa yuko chini na mimi nilimfuata chini. Sijui nilishuka saa ngapi. Hakuna aliyenishika. Kati yetu watatu, aliyeshtuka kuliko wote ni mimi.

Deo akakumbuka masharti yake. "Na kuinuka?"

"Ngoja, mgonjwa wangu hajaisha."

Nikamaliza. Nikaweka vifurushi kwenye sufuria. Nikaweka kiganja kwenye mgongo wa Masanja, nikakandamiza, goti moja, goti la pili, nikasimama.

"Mama, umeshika mtu," Deo akasema.

Na Masanja, uso wake bado uko kwenye mkeka, akamjibu: "Hajanishika. Alikuwa ananikanda."

Kupanda ni Jumatatu. Masanja analeta maziwa, ninyi leteni mikono. Wali upo, na safari hii utapita mdomoni.